Mwaka Mama Benita Alipohamia Benchi la Nyuma

Jumamosi iliyopita tulimwondolea Mama Benita matanga katika ukumbi wa kukodi mtaani Mutakura, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na Fanta zikipitishwa kwenye sinia. Kama ilivyo kawaida ya sherehe hizo, mwenye kipaza sauti aliwaita watu waje mmoja mmoja waseme neno juu ya marehemu, na watu wakasema. Kijana mmoja wa kwaya, ambaye nadhani hakuwahi kula nyumbani kwake, alimfananisha na Debora. Mwingine akasema alikuwa Dorkasi wa mtaa wetu. Wa tatu akamfanya Hana, kwa jinsi alivyokuwa akidumu katika maombi. Mama mmoja wa sokoni aliyekaa kando yangu akaniinamia na kuninong'oneza kwamba kwenye maombi ya alasiri Mama Benita alikuwa wa kwanza kusinzia, tena alikoroma. Tulicheka huku tumeziba midomo kwa vitambaa, kama wasichana. Zamu yangu ilipofika nilisema mambo mawili matatu ya heshima, nikarudi kukaa. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi na ninajua kwamba kipaza sauti hakifai kwa kila jambo. Ninalotaka kusema linahitaji nafasi, na linahitaji kwanza msomaji ajue jinsi kanisa letu la wakati ule lilivyopangwa, nani alikaa wapi na kwa nini. Kwa hiyo ninaliandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa ninaanza masomo kwenye kampasi ya Mutanga, na nilipanga kwa Mama Benita, mjane kutoka Uvira aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, katika soko la Mutakura. Benita mwenyewe, binti yake, alikuwa ameolewa mbali na sikuwahi kumwona. Kwangu alikuwa jina tu lililobaki kwa mama yake. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili. Chumba cha mbele kililala magunia ya ndagala pamoja na Mama Benita, na harufu ya samaki wakavu iliingia hadi kwenye madaftari yangu, hata mwenzangu mmoja darasani akaacha kuniazima kalamu. Chumba cha nyuma nililala mimi na Riziki, binti wa dada yake Mama Benita, aliyenizidi kama miaka mitatu. Riziki alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza ya duka moja la vitambaa huko Asiatique, mtaa wa maduka. Jioni alirudi na nyuzi za rangi zote zimenasa kwenye sketi, akazibandua moja moja juu ya kitanda akinihadithia wateja wa siku ile: huyu aliyetaka gauni la mama mkwe limbane kwa makusudi, yule aliyeleta kitenge cha watu wawili akitaka kishonewe watu watatu. Nikifumba macho hata leo ninakiona chumba kile, chandarua chenye viraka vya vitenge, dirisha la mbao, na sauti ya Mama Benita ng'ambo ya ukuta akituambia tunyamaze, halafu yeye mwenyewe akiuliza yule mama mkwe alivaa au hakuvaa.

Kanisa letu lilikuwa la matofali yasiyopigwa lipu, nusu Warundi na nusu Wakongomani. Mchungaji Samweli alikuwa Mkongomani wa mji wa Baraka, alihubiri kwa Kiswahili, na Kirundi chake kiliishia kwenye salamu. Wazee wa kanisa wengi walikuwa Warundi. Mimi nilikuwa mfasiri. Kila Jumapili nilisimama kando yake, yeye akitoa sentensi, mimi nikiigeuza, na kwa sababu hiyo nilikuwa mtu pekee, ukimwacha yeye, aliyewatazama waumini wote usoni. Ninawaona hadi leo katika mpangilio wao. Wazee walikaa mbele kushoto, kwenye viti vya mbao vyenye mikono. Kwaya ilikaa kulia. Katikati walikaa kina mama, halafu kina baba, halafu vijana. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na benchi moja fupi lisilo na egemeo. Hakuna kilichoandikwa juu yake, lakini hata mtoto wa Shule ya Jumapili alijua kwamba pale wanakaa waliowekwa chini ya nidhamu. Aliyekaa pale hakuimba kwaya, hakushiriki meza ya Bwana, na mtoto wake hakupelekwa mbele kuwekewa mikono na kubarikiwa. Kutoka pale kulikuwa na njia moja: kumaliza mwaka mzima, kisha kusimama mbele ya kanisa, kutubu kwa kinywa chako mwenyewe, na wazee kukupokea kwa kukushika mkono.

Riziki alikuwa kwenye benchi lile. Kijana aliyempa mimba alikuwa akiuza kwenye duka la jirani huko Asiatique. Alikwenda Bukavu kufuata bidhaa, na bidhaa hazijafika hadi leo. Yeye hakuwa mshirika wa kanisa letu, kwa hiyo benchi halikumhusu. Riziki alikaa pale na tumbo, kisha akakaa pale na mtoto wa kiume aliyemwita Asifiwe. Hakulalamika mbele za watu. Nyumbani alisema kwa utulivu, akimnyonyesha, kwamba mjomba wake wa Uvira atakuja kumchukua mwisho wa kiangazi, atakwenda, na mguu wake hautaingia tena kanisani, la hapa wala la kule. Mwisho wa kiangazi mwaka wake wa nidhamu ungekuwa bado haujaisha. Jambo hilo lilimkosesha Mama Benita raha kuliko mimba yenyewe. Kwake yeye mtoto kuvuka mpaka wa Gatumba bila kuwekewa mikono ilikuwa kama kumtoa nje uchi kwenye mvua, na mama yake kuvuka akiwa na hasira na Mungu ilikuwa mbaya zaidi. Alikwenda kwa wazee mara mbili kuomba mtoto awekewe mikono, mama aendelee na mwaka wake. Walimsikiliza kwa heshima na kumwambia kwamba utaratibu ni utaratibu.

Mchungaji Samweli mwaka ule alikuwa akihubiri juu ya watu wa Biblia, kila Jumapili mtu mmoja. Alikuwa na kipaji cha kuwatoa kitabuni na kuwakalisha kati yetu. Yakobo alikuwa mtu ambaye ungemkuta akipatana bei Asiatique, Martha alikuwa na moshi machoni, Yona alikuwa amekata tiketi ya boti ya Kalemie wakati Mungu alimtuma kwingine. Nyumbani kwetu mahubiri yalirudiwa mezani. Jumapili tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese, na kama wiki ilikuwa nzuri, samaki mmoja wa mukeke wa kukaanga tuliyemgawana sehemu tatu, na kichwa kilikuwa cha Mama Benita bila mjadala. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo baada ya kunawa aliniambia nifungue Biblia nisome sura yote iliyohubiriwa, si ile mistari ya mchungaji tu. Alisema mchungaji ni kama muuza nyama, anakukatia anapotaka yeye.

Jumapili ya Miriamu ilikuja kiangazi kilipokuwa kimekolea. Miriamu, dada yake Musa, alimsema vibaya ndugu yake, akapigwa ukoma, akatengwa nje ya kambi siku saba. Mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Alihubiri vizuri, na wazee walitikisa vichwa, kwa sababu ilionekana kwamba nidhamu ya kanisa ilianzia jangwani kabisa. Riziki alisikiliza kutoka nyuma akimpepea mtoto. Mchana, baada ya kula, nilisoma sura nzima kama kawaida, na nilipofika mwisho Mama Benita akaniinulia mkono.

"Spès, rudia pale pa mwisho."

Nikarudia kwamba Miriamu alifungiwa nje siku saba, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa ndani.

"Ile watu yote ilifanya nini siku zile?"

"Walingoja, Mama."

"Walingojea wapi?"

"Pale pale kambini."

"Hakuna mutu alisema twende tu, ye atatufuata?"

"Apana."

Alitafuna mfupa wa mukeke kwa muda. Kisha akasema kwamba kile kipande hakukisikia asubuhi, na akanituma nikaanike vyombo. Riziki hakuwa amesikiliza. Alikuwa akimbadilisha mtoto nepi chumbani. Mimi niliyesoma kwa sauti sikuona kitu chochote mle zaidi ya hadithi ya zamani. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi katika kazi yangu, kwamba unaweza kuwa umeshika habari mkononi, umeisoma hadi nukta ya mwisho, na mwenye kuisikia ni mwingine.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele kando ya mchungaji, tukaanza, na katikati ya sala ya kufungua nikamwona Mama Benita akiingia amevaa kitenge chake cha Pasaka. Hakupita kwenda katikati kwa kina mama. Aligeuka mlangoni, akakaa kwenye benchi la nyuma kando ya Riziki, akanyoosha mguu wake wa kulia mbele, akafungua kitabu cha nyimbo. Nilipoteza sentensi. Mchungaji aliirudia, nikaipoteza tena. Vichwa vilianza kugeuka, kwanza vya vijana, halafu vya kina baba, kama upepo unavyopita kwenye mpunga wa bonde la Imbo. Wakati wa meza ya Bwana sinia lilimfikia mhudumu wa nyuma, naye akasimama nalo hajui la kufanya. Mama Benita akamwashiria apite.

Nyumbani Riziki hakungoja hata tufunge mlango.

"Mama, we unanizidishia macho. Nilikuwa na yangu, sasa niko na yangu na yako."

"Goti yangu inataka kunyooka. Kule kati hakuna nafasi ya mguu."

"Goti imeanza leo?"

"Imeanza zamani. Nilikuwa naivumilia."

Riziki alimtazama, akaingia chumbani, akanikuta nimekaa kitandani nikijifanya ninasoma. Alisema Mama yake mdogo amezeeka kichwa. Kisha akakaa akiubandua uzi mwekundu kwenye sketi ambayo hakuwa ameivaa kazini.

Mtaani hakuna aliyeamini habari za goti. Benchi lile lilikuwa la wenye dhambi, Mama Benita alikuwa amekaa pale, basi alikuwa na dhambi. Kilichobaki kilikuwa kujua ipi. Wengine walisema pombe. Wengine walisema kuna mzee wa mtaa wa Buyenzi anayemtembelea, na Mama Benita alipolisikia hilo aliuliza kama huyo mzee ana nyumba yake mwenyewe au amepanga. Wateja wawili wa siku nyingi walikuja mezani kwake sokoni, wakauinua mkebe wake wa kupimia ndagala, wakachungulia chini kuona kama amegonga kitako chake kikaingia ndani ili apunje. Aliwaacha wachungulie. Aliwaambia wanunue huko huko wanakopimiwa vizuri, kisha akawapimia, akawaongezea juu kama siku zote. Lakini mauzo yalipungua, na nilijua kwa sababu mukeke wa Jumapili ulikoma, tukala sombe na maharage kwa wiki kadhaa bila mtu kusema kitu.

Mwishowe wazee walimwita. Baraza lilikaa katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, kati ya ngoma za kwaya na masufuria ya harusi, na mimi niliitwa kufasiri kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tomasi. Alikuwa amestaafu kutoka wizara moja, na alilishika kanisa kama alivyoishika ofisi yake, kila jambo mahali pake. Hakuwa mtu mkali. Alimwita Mama Benita "muvyeyi", mzazi, jina la heshima la Kirundi, akamwuliza amekosa nini ili waweze kumsaidia. Mama Benita akajibu kwamba amekosa mengi, yeye ni binadamu, lakini lile la kumkalisha kule halipo. Basi atoke pale, wakasema. Akauliza kama kuna sheria inayokataza mtu kukaa. Wazee walitazamana. Hapo ndipo walipogundua shimo walilolichimba wenyewe kwa miaka: kulikuwa na utaratibu wa kumpeleka mtu kwenye benchi, na utaratibu wa kumtoa, lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda pale kwa miguu yake. Na kumtoa kulihitaji atubu. Mzee mmoja alipendekeza atubu kwa jumla. Mwingine akasema hakuna toba ya jumla. Mchungaji Samweli alikuwa amekunja mikono, na niliona anabana midomo asicheke.

"Mchungaji," Mama Benita akamgeukia, "ni weye ulituletea Miriamu. Watu hawakuondoka mpaka arudi. Mi nilisikia tu."

"Kipande hicho sikukihubiri, Mama."

"Lakini kiko. Spès alinisomea."

Wote wakanitazama mimi. Mchungaji aliacha kubana midomo. Alifungua Biblia yake, akatafuta mahali pale, akasoma kimya, na kidole chake kikabaki kwenye mstari kwa muda mrefu.

Mzee Tomasi ndiye aliyesema kwanza. Aliongea Kirundi kwa sauti ya chini, polepole, nami nikawa ninageuza neno kwa neno bila kumtazama. Alisema kwamba binti yake naye alikaa kwenye benchi lile, mwaka mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisoma jina la binti huyo mbele ya kanisa, na mama wa binti alikaa katikati na kina mama Jumapili zote zile na hakugeuza shingo, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopasa. Aliuliza: mkimpunguzia Riziki mwaka wake, mimi nitamwambia nini mwanangu?

Nilipomaliza kufasiri, Mama Benita akamwuliza swali.

"Iko wapi sasa, mutoto yako?"

Alisema Kigoma.

"Na anasali?"

Nilifasiri swali, na Mzee Tomasi akasema tusimame tuombe. Kikao kikafungwa kwa sala.

Hakuna kilichoamuliwa, na Jumapili zikaendelea. Mama Benita alikaa nyuma na mguu wake umenyooka. Joto lilipozidi, mpiga ngoma mmoja wa kwaya naye alihamia pale baada ya nyimbo, kwa sababu palikuwa na upepo wa mlangoni. Mara akaja mama mmoja mwenye mapacha wanaolia, ili aweze kutoka nao bila kusumbua. Mgeni kutoka Rumonge, asiyejua lolote, alikaa pale akashangilia mahubiri kwa sauti. Nikitazama kutoka mbele sikuweza tena kumwonyesha mtu kwa kidole nikasema huyu yuko chini ya nidhamu na huyu anapunga upepo, na nina hakika wazee nao hawakuweza. Riziki aliacha kumkemea Mama yake mdogo. Lakini mjomba alituma habari kwamba anakuja juma lijalo, na Riziki akaanza kupanga nguo za mtoto kwenye begi. Nilizoea kumwona akikunja nguo za wateja haraka haraka. Zile alizikunja taratibu, akazikunjua, akazikunja upya.

Jumapili ya kuwekea watoto mikono ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya safari hiyo. Wazazi wa mtaa wetu walikuja na vitenge vipya vya sare, watoto watatu wakainuliwa mbele, nikafasiri baraka tatu. Kisha Mchungaji Samweli hakufunga kitabu. Alishuka kutoka jukwaani na kipaza sauti mkononi, akaanza kutembea kuelekea nyuma, nami nikamfuata kwa mazoea. Waya ulikwisha tulipofika kwa kina mama. Aliuvuta kidogo, ukakataa, akampa kipaza sauti mama aliyekuwa karibu na kumwomba amshikie, akaendelea bila hicho. Kutoka mbele mtu akasema hatusikii. Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Kina mama walizungusha miguu upande wa pili, kwaya ikasimama, na kanisa zima likaelekea mlangoni.

Riziki alisimama na Asifiwe mikononi. Hakuwa ameambiwa lolote. Niliona kwa jinsi alivyomshika, kama mtu anayefikiri atanyang'anywa. Katika desturi yetu mama humshika mtoto, na baba husimama kuliani kwake na mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mchungaji akauliza kwa Kiswahili nani anasimama na mama huyu, nami nikauliza kwa Kirundi kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mama Benita akaanza kuinuka. Goti lake lilikuwa bovu kweli. Lilimchukua muda, ameshika ukuta.

Kabla hajanyooka, Mzee Tomasi alikuwa amefika. Alikuwa ametembea njia nzima ya katikati na koti lake la kijivu, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba anakuja kuzuia. Mchungaji naye hakuwa na shaka; aliuweka mwili wake kidogo kati yao. Mzee Tomasi akampita, akasimama kuliani kwa Riziki, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mchungaji aliomba. Sauti yake ilikatika mara moja, na mimi nilipaza yangu kwa Kirundi ili waliokuwa mbali wapate. Riziki alilia bila kujificha uso. Alivuka Gatumba juma lile kama alivyosema, akasali huko Uvira Jumapili ya kwanza, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi, kwa sababu, alisema, wateja wa Uvira hawalipi.

Tuliposema amina, Mzee Tomasi hakuuondoa mkono. Asifiwe alikuwa amekishika kidole chake kimoja na kukivuta mdomoni. Mzee alimtazama, akasema kwa Kirundi, polepole mno, kwamba wa kwao, mtoto wa binti yake, hakufanyiwa hivi, na sasa ameshaanza shule.

Mchungaji aligeuka kwangu akingoja tafsiri. Mwaka ule wote nilikuwa nimefasiri kila kitu, mahubiri, matangazo, hata kikohozi cha wazee. Hilo sikulifasiri. Mama Benita, ambaye Kirundi chake kilikuwa cha sokoni tu, alikuwa ameelewa. Alikaa chini tena, akauvuta mguu wake, akasogea ukutani na kupiga ubao wa benchi kwa kiganja mara mbili, kama anavyomkaribisha mteja. Mzee Tomasi akakaa.